Kwenye Otokrosi, Gari Jepesi Lina Chake

Njia za udongo zinazouzunguka mlima Kasigau, kutoka Rukanga hadi Makwasinyi na kuendelea Bungule, humfunza dereva jambo ambalo matangazo ya magari hayalitaji: nguvu za injini hazifai kitu tairi zikiwa hewani. Kijana wa huku anayetamani kushindana kwenye otokrosi ana somo hilo tayari, kabla hajatia senti kwenye gari.

Otokrosi ni mbio fupi kwenye kiwanja cha udongo, gari likishindana na saa. Nchini Kenya kuna mashindano ya kitaifa, na magari hugawanywa kwa madaraja: yanayovutwa na magurudumu mawili, yanayotumia manne, yenye turbo na yasiyo nayo, pamoja na magari mepesi ya vyuma vitupu yaitwayo bagi. Kona hufuatana upesi, hata gari lenye injini kubwa halipati nafasi ya kunyoosha miguu. Turbo nayo huchelewa kuamka, na ikiamka kona nyingine imeshafika.

Hapo ndipo wepesi unapolipa. Gari zito likiingia kwenye kona huendelea kusukumwa mbele. Breki, tairi na dereva wote hufanya kazi ya ziada kulirudisha. Wakenya wa rika langu wanaikumbuka Safari Rally ya 1993, Patrick Njiru alipoendesha Subaru Vivio, kigari cha injini ya sisi 660 hivi, akamaliza wa 12 katika mbio zilizovunja magari makubwa. Colin McRae, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia mwaka 1995, alianza na Vivio kama hiyo lakini hakufika mwisho. Wepesi una thamani gari likidumu tu.

Kwa hiyo pesa za kwanza ningezipeleka chini ya gari. Shokomzoba nzuri huibana tairi ardhini baada ya kila shimo, na tairi iliyo ardhini ndiyo inayogeuza na kusimamisha. Tairi yenyewe iwe na meno ya kuchimba udongo, na upepo wake upimwe kulingana na kiwanja. Mchanga mlegevu na udongo ulioshikamana havitaki kipimo kimoja. Kisha difu ya kufunga, ili gurudumu la ndani ya kona lisizunguke bure huku la nje likikosa nguvu. Gia fupi hufuata, kwa sababu sehemu kubwa ya mzunguko huendeshwa kwa gia ya pili. Breki ya mkono lazima ishike barabara, maana ndiyo inayozungusha mkia kwenye kona kali.

Injini ije mwisho. Probox iliyochoka, ikivuliwa viti vya nyuma, zulia na tairi ya akiba, humfundisha mwanagenzi mengi kuliko Impreza ya mkopo ambayo anaogopa kuikwaruza.

Kitu kimoja hakipunguzwi: kizimba cha vyuma ndani ya bodi. Kinaongeza kilo, na fundi mwenye uchu wa ushindi atashawishika kutumia bomba jembamba. Asikubaliwe. Gari likipinduka, bomba hilo ndilo linalobaki kati ya paa na kichwa cha mtoto wa watu.