Maniema: Kasongo hadi Kabambare, nusu saa angani, siku nzima barabarani

Ukipima kwenye ramani, kutoka Kasongo hadi Kabambare ni karibu kilometa 117 kwa mstari ulionyooka. Ndege ndogo inayokwenda kilometa 300 kwa saa ingemaliza safari hiyo kwa nusu saa hivi, pamoja na kupaa na kutua. Lakini wakaaji wa kusini mwa Maniema hawahesabu hivyo. Wao huuliza kwanza: mvua imenyesha?

Kuanzia Juni hadi Agosti, wakati wa kiangazi, mwenye pikipiki anaweza kutoka asubuhi na kufika kabla ya usiku. Mvua ikirudi, ni habari nyingine. Lori linazama kwenye matope, madaraja ya miti yanaoza, abiria wanashuka kusukuma. Chumvi, sabuni na mafuta ya gari vinapanda bei njiani, na mchele wa mkulima unabaki nyumbani kwa kukosa wa kuubeba. Na mgonjwa ambaye kituo cha afya kimeshindwa anasafirishwa kwenye pikipiki, katikati ya dereva na ndugu yake anayemshika asianguke. Kwa mama mwenye uchungu wa kuzaa, hizo kilometa 117 zina maana tofauti kabisa na ile ya ramani.

Njia hii si ya jana. Misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilipita Kabambare kati ya Kasongo, makao ya Tippu Tip, na Ziwa Tanganyika, ikielekea Ujiji na pwani. Mwingereza Cameron alipita Kabambare kwa miguu mwaka 1874. Tangu hapo zimepita zaidi ya miaka 150, na bado wako wanaoifuata kwa miguu, mzigo kichwani.

Reli nayo haisaidii sana: kutoka Kindu inapitia Kibombo na Samba hadi Kongolo, ng'ambo ya mto Lualaba, ikiiacha Kasongo pembeni.

Basi mtu wa Kabambare anayetaka kwenda Kinshasa afanye nini? Mara nyingi anaelekea Kasongo, kisha anapanda kaskazini kama kilometa 240 hadi Kindu, ndipo atafute ndege. Kindu hadi Kinshasa ni karibu kilometa 1.190 angani, mara kumi ya Kabambare na Kasongo. Ndege kubwa inazimaliza kwa saa moja na nusu tu. Tena Kinshasa iko nyuma kwa saa moja: anayeruka Kindu saa nne asubuhi anatua saa nne na nusu kwa saa ya huko. Aliyeondoka Kabambare asubuhi hiyohiyo, saa hiyo bado anatafuta wa kumsaidia kuvusha pikipiki.