Kinga ya Karanga Dhidi ya Kuvu

Magonjwa matatu ya kuvu ndiyo yanayopukutisha majani ya karanga katika mashamba mengi ya Tanzania: madoa ya mapema, madoa ya baadaye na kutu. Madoa ya mapema ni ya kahawia, aghalabu yamezungukwa na duara la njano. Ya baadaye ni meusi zaidi, hasa upande wa chini wa jani. Kutu hutokeza vijipele vya rangi ya chungwa. Kidole kikipitishwa juu yake, hubaki na unga. Unga huo ni vijimbegu vya kuvu, na upepo huvipeleka shamba la jirani. Jani lililojaa madoa hudondoka mapema, na mmea uliopukutika hauna cha kujazia punje. Ndiyo maana magunia yanayofika Kariakoo huwa na punje zilizosinyaa, ambazo wauzaji huzipepeta na kuzichambua kabla ya kupima kilo. Madoa na kutu vikiungana katika shamba lisilo na kinga, nusu ya mavuno au zaidi inaweza kupotea.

Mmea hauna damu ya kusafirisha askari mwilini, hivyo kila seli hujilinda yenyewe. Kuvu hujenga ukuta wa seli zake kwa kitini, kitu kilekile kinachofanya magamba ya kamba na kaa wa soko la Feri pale Kivukoni yawe magumu. Karanga haina kitini. Vipokezi vilivyo juu ya seli vikikigusa, seli hutambua kuwa mgeni amefika: huimarisha ukuta wake na kutoa vimeng'enya vinavyokatakata kitini hicho. Kuvu iliyozoea karanga nayo haikai kimya. Huingiza ndani ya seli protini zake za kuzima tahadhari hiyo. Hapo huingia safu ya pili, yaani jeni za ukinzani, ambazo hutengeneza walinzi wa ndani wanaozitambua protini za adui. Seli iliyovamiwa hujiua, na kuvu inayotegemea seli hai, kama ile ya kutu, hukosa chakula.

Kanuni ya safu hii ya pili iligunduliwa kwenye zao jingine la mafuta, kitani. Katika miaka ya 1940, Harold Flor, mtafiti wa North Dakota nchini Marekani, alionyesha kuwa kila jeni ya ukinzani katika kitani ina jeni inayolingana nayo katika kuvu ya kutu. Ni kama kufuli na ufunguo. Udhaifu wake uko papo hapo: kuvu ikibadilisha jeni moja tu, mlinzi haitambui tena, na aina ya mbegu iliyosifiwa miaka mitano huanguka kwa msimu mmoja. Kwa karanga, ukinzani unaotegemewa zaidi dhidi ya kutu ni wa kuchelewesha. Vijipele huwa vichache, vidogo, na huchukua siku nyingi kupasuka. Shamba halibaki safi kabisa, lakini punje hujaa kabla majani hayajaisha.

Tatizo kubwa ni ufukara wa jeni. Karanga ilizaliwa Amerika Kusini, maelfu ya miaka iliyopita, mimea miwili ya porini ilipochanganyika na kromosomu zikaongezeka maradufu hadi 40. Jamaa zake wengi wa porini wana 20, kwa hiyo tangu hapo haikuchanganyika nao kwa urahisi. Kinga walizonazo jamaa hao haikuzirithi. Hasara hiyo ilionekana wazi baada ya 1969, pale kutu, iliyokuwa imebanwa zaidi katika bara la Amerika, ilipoenea Asia na Afrika. Msaada ulitoka porini, Bolivia, kwa mmea uitwao Arachis cardenasii. Watafiti wa North Carolina nchini Marekani waliuchanganya na karanga ya shambani katika miaka ya 1960, na vipande vya kromosomu zake vikaenezwa na wazalishaji mbegu, wakiwemo wale wa taasisi ya utafiti wa mazao ya ICRISAT nchini India. Leo vimo katika karanga za Afrika, Asia, Oceania na Amerika.

Nchini Tanzania kazi ya kuzalisha mbegu za karanga iko katika kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, kulikotoka aina kama Pendo ya 1998, na Mnanje na Mangaka za 2009. Kazi hiyo ina mizani ngumu. Ukinzani dhidi ya madoa ya baadaye mara nyingi huambatana na kuchelewa kukomaa, na mkulima wa mvua fupi hawezi kusubiri.

Kuvu ya sumukuvu, Aspergillus flavus, ni adui wa namna nyingine, kwa kuwa huvamia punje yenyewe. Punje changa hujilinda kwa kemikali kama resveratroli, lakini huhitaji maji ili kuzitengeneza. Ukame wa mwisho wa msimu huzima kiwanda hicho wakati kuvu bado inaweza kukua. Hakuna jeni moja iliyopatikana ya kuifunga kabisa. Kuvuna kwa wakati na kukausha vizuri bado ni sehemu ya kinga.

Karanga hujichavusha yenyewe, hivyo mkulima aliyeanza na mbegu safi iliyothibitishwa anaweza kutunza kinga yake kwa misimu kadhaa, akichagua punje nzuri na kuzihifadhi pakavu. Gunia la sokoni ni jambo jingine. Huchanganya karanga za mashamba mengi na aina nyingi, na punje haionyeshi kwa macho jeni zilizomo. Karanga hizo zinafaa kwa kashata. Kwa kupanda, hazifai.