Bei Chini ya Shuka

Ukimtajia Mnairobi jina la Kiamaiko, mtaa ulio jirani na Huruma, atakujibu: mbuzi. Mbuzi hao wengi hutoka kaskazini, Moyale, Marsabit na Isiolo, na biashara yao kwa sehemu kubwa imo mikononi mwa Waborana, Waburji na Wasomali, watu waliolelewa minadani.

Katika masoko ya mifugo ya Wasomali, toka Garissa hadi Hargeisa, wanaopatana bei hushikana mikono, kisha mikono ikafunikwa kwa shuka au ncha ya kikoi. Vidole ndivyo vinavyosema. Kidole kimoja kikishikwa chaweza kuwa mia au elfu, kulingana na mnyama aliyesimama mbele yao. Mkono mzima ni tano. Waliosimama kando wanaona wazi kwamba bei inapangwa, ila kiasi hakiwahusu. Lengo ni kwamba mfugaji akiuza kwa hasara kwa sababu mtoto amerudishwa nyumbani kwa karo, anayemfuata asibanwe kwa bei ileile, wala shida yake isiwe habari ya soko. Kweli, giza hilo humfaa pia dalali mjanja anayempa kila upande hesabu yake.

Ndivyo ilivyo kwa madeni. Biashara ya mbuzi haiendi bila mali kauli: unachukua leo, unalipa nyama ikishauzwa. Anayechelewa hufuatwa kimyakimya, akishupaa huitiwa wazee. Kumtangaza ni kumfungia milango ya wadai wengine, na deni lenyewe halitalipika. Kampuni za mikopo ya simu hazikulijua hilo, au hazikujali. Zilichota majina simuni mwa mkopaji, zikawapigia bosi wake na mama mkwe wake. Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya ya 2010 ilikuwa tayari inalinda faragha ya mtu, lakini ilibidi Benki Kuu itoe kanuni mwaka 2022 kuupiga marufuku mtindo huo.

Kwa Waislamu, walio wengi katika biashara hii, deni hutajwa hadharani siku moja tu: mwenyewe akishakufa. Kabla ya kuzikwa, jamaa yake husimama mbele ya jeneza na kuomba kila anayemdai marehemu aione familia. Hata hapo, hakuna anayetaja kiasi.