Je, Wajua Kwamba Anayepigana Zaidi ni Mtoto wa Miaka Mitatu?

Tukitaja ugomvi wa vijana, mawazo yetu hukimbilia kwa mvulana wa sekondari mwenye mabega mapana na sauti nzito. Lakini umri ambao binadamu hupiga, hung'ata, husukuma na kunyang'anya kuliko umri mwingine wowote ni kati ya miaka 2 na 4. Baada ya hapo, kwa watoto walio wengi, ngumi hupungua mwaka hadi mwaka. Mwanasaikolojia wa Kanada, Richard Tremblay, alianza mwaka 1984 kuwafuatilia wavulana zaidi ya 1,000 wa madarasa ya chekechea katika mitaa maskini ya Montreal. Wengi wao, kadiri walivyokua, walipigana kidogo kuliko walivyopigana wakiwa na miaka 6. Tafiti zilizofuata zikarudi nyuma kwa watoto wadogo zaidi, na huko ndiko walikokutwa wapiganaji wakubwa: wale ambao ndiyo kwanza wanaanza kukimbia. Mwaka 2017 Tremblay alipewa Tuzo ya Stockholm ya elimu ya uhalifu.

Kwa mzazi, habari hii ina uzito wake. Hakuna anayemfunza mtoto kung'ata. Anachofunzwa ni kuacha: kusubiri zamu, kuomba, kusema "nimekasirika" kabla mkono haujaondoka. Ndiyo maana wanaochelewa kuzungumza mara nyingi hupigana zaidi. Asiye na neno hutumia meno. Ukimkuta mtoto wa miaka 8 bado anamaliza kila jambo kwa ngumi, kuna somo ambalo hajalipata, au amelipata nusu.

Je, wajua kwamba pipi moja dukani inaweza kuwa darasa la ukorofi?

Jioni moja nilikuwa nimesimama dukani nikisubiri kupimiwa sukari. Mbele yangu alikuwa mama na mwanawe wa kama miaka mitatu. Mtoto akaonyesha kopo la pipi za vijiti. "Hapana, hatujala bado," mama akasema. Mtoto akavuta kanga. Mama akakaza macho. Mtoto akajitupa chini, miguu ikapiga sakafu, kandambili moja ikaruka hadi kwenye gunia la mchele. "Nitakuchapa!" Kilio kikapanda juu ya sauti ya mama. Wateja wakageuka. Mama, uso umemwiva kwa aibu, akatoa sarafu: "Mpe tu, anyamaze." Kukawa kimya.

Gerald Patterson, mtafiti wa jimbo la Oregon nchini Marekani, alitumia miaka mingi akichunguza hatua kwa hatua matukio ya namna hii ndani ya familia, na mwaka 1982 akayaandikia kitabu kizima. Alichokiona ni kwamba pale dukani wamefunzwa wawili. Mtoto amejifunza kwamba kelele hulipa, tena zikipanda hulipa zaidi. Mama amejifunza kwamba kukubali huleta utulivu. Kesho kila mmoja ataanzia pale alipoishia jana. Na siku mama atakapopiga badala ya kutoa pipi, na mtoto akanyamaza, somo litabaki lile lile: mshindi ni yule aliyezidisha ukali.

Wazee walisema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Tumezoea kuitumia methali hii kuhalalisha bakora, lakini isome tena: fimbo haimo. Aliyemo ni mzazi anayeogopa kilio. Patterson angeafikiana nao kabisa. Ukisema hapana, ibaki hapana, kwa sauti ile ile uliyoanza nayo. Akilia, alie, wewe hakikisha tu hajiumizi wala haumizi mtu. Akitulia, ndipo umpe macho yako, neno zuri na kifua cha kuegemea. Sehemu hii ya mwisho ndiyo tunayoisahau zaidi. Watoto wengi wakorofi huonekana na wakubwa pale tu wanapovunja kitu.

Je, wajua utafiti wa fimbo uliofanyika Tanzania ulikuta nini?

Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliohusisha wanafunzi 409 wa darasa la pili hadi la saba nchini Tanzania. Karibu wote walikuwa wamewahi kuchapwa, nyumbani na shuleni. Waliochapwa zaidi na wazazi au walezi ndio walioonyesha zaidi ugomvi na uvunjaji wa kanuni. Mtu anaweza kuuliza, na ana haki ya kuuliza: je, si ukorofi wao uliowaletea fimbo? Utafiti wa mara moja hauwezi kulijibu swali hilo. Lakini zipo tafiti za nchi nyingine zilizowafuatilia watoto kwa miaka, zikizingatia tabia waliyokuwa nayo mwanzoni, na mwelekeo wake ni huo huo: kipigo cha leo huongeza ukali wa kesho.

Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Tanzania Bara sheria bado inaviruhusu, lakini kwa masharti ambayo wazazi wengi hawayajui: visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu. Muulize mwanao jana ilikuwaje.

Na anayedhani shule bila fimbo huharibika aangalie wilaya ya Luwero, Uganda. Kati ya mwaka 2012 na 2014 shule za msingi 42 zilihusishwa katika jaribio. Katika nusu ya shule hizo, walimu na wanafunzi walisaidiwa kuunda njia nyingine za nidhamu. Mwishoni, katika shule ambazo hazikupata msaada huo, karibu nusu ya wanafunzi walisema wamepigwa na mtumishi wa shule ndani ya wiki moja iliyopita. Katika zile zilizosaidiwa walikuwa asilimia 31. Alama za masomo hazikushuka.

Tangu mwaka 1961, pale Chuo Kikuu cha Stanford, mwanasaikolojia Albert Bandura alikwishaonyesha sababu mojawapo inayofanya kipigo kizae ukali. Katika jaribio la watoto 72 wa chekechea, waliomwona mtu mzima akimpiga mwanasesere wa kujaza upepo kwa nyundo nao walimpiga vivyo hivyo, hata maneno yake wakayarudia.

Je, wajua kwamba kupiga mto hakumalizi hasira? Ushauri huu umeenea sana: "Akikasirika, mwache apige mto." Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, mwanasaikolojia Brad Bushman aliwachokoza wanafunzi 600 wa chuo, kisha wengine wakapiga gunia la mazoezi wakimfikiria aliyewaudhi. Hao ndio waliobaki na hasira nyingi kuliko wote. Walioketi kimya walikuwa na nafuu zaidi.

Je, wajua mchezo wa mpira na ngumi?

Huu ndio ninaoupenda kuliko mengine yote. Katika shule za Chicago kuna mpango wa vijana uitwao Becoming a Man. Wavulana hupangwa wawili wawili, mmoja hupewa mpira mdogo. Mwenzake anaambiwa ana sekunde 30 za kuutoa mkononi mwa aliyeushika. Basi ni kuvutana, kukunja vidole, kuangushana chini. Muda ukiisha, wanabadilishana, na vurugu ni ile ile. Kisha mlezi anauliza: kuna aliyemwomba mwenzake ampe mpira? Kimya. Wengine hujitetea kwamba mwenzao asingetoa. Mlezi anamgeukia mwenye mpira: ungeombwa, ungefanyaje? Mara nyingi jibu ni kwamba angeutoa, maana ni mpira tu.

Tabia hii ya kumdhania mwenzako mabaya, mwanasaikolojia Kenneth Dodge alikuwa ameiandikia tangu mwaka 1980. Kijana mkali, mpira ukimgonga mgongoni uwanjani, huona kwamba amekusudiwa. Mwenzake mtulivu huona ni bahati mbaya. Kwa hiyo swali la kumzoeza mwanao, baada ya hasira kupoa, ni moja: "Kunaweza kuwa na sababu nyingine?" Watafiti wa mpango ule wa Chicago walitangaza mwaka 2017 kwamba kukamatwa kwa makosa ya ukatili kulipungua kwa asilimia 45 hadi 50 miongoni mwa vijana walioshiriki, wakiwa ndani ya mpango. Ulipokwisha, tofauti hiyo ilififia. Vijana wanahitaji mtu wa kukaa nao kwa muda mrefu.

Je, wajua kwamba si kila ukali hutokana na malezi? Madini ya risasi, yaliyomo kwenye baadhi ya rangi za ukuta na betri kuukuu za magari, huharibu ubongo wa mtoto na kumpunguzia uwezo wa kujizuia. Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa, ulichafuliwa na kiwanda cha kuyeyusha betri, na Phyllis Omido, ambaye mwanawe mwenyewe alidhurika, alipigania haki ya wakazi hadi mahakamani. Lishe nayo ina sehemu yake. Huko Mauritius, watoto 1,795 walifuatiliwa tangu wakiwa na miaka 3, na waliokuwa na utapiamlo katika umri huo walionyesha ukali zaidi walipofika miaka 8, 11 na 17.

Mtoto aliyekuwa mpole akibadilika ghafla, akawa anapiga wadogo zake au kutesa wanyama, usianze na adhabu. Anza kuuliza nani anamwonea shuleni, au nani anamgusa, au kama anasikia vizuri. Akikataa kusema, usikate tamaa, na usibaki peke yako. Simu ya msaada kwa mtoto Tanzania, Kenya na Uganda ina namba moja, nayo ni bure: 116.