Mgonjwa Asiyekohoa

Je, katika kijiji chako kuna mtu mwenye kifafa? Bila shaka yuko. Labda anakula peke yake, kwa sahani yake mwenyewe, kwa kuwa watu wanaogopa mate yake. Basi, kabla ya mengine yote, shika neno hili: kifafa hakiambukizi. Povu linalotoka mdomoni mwake anapoanguka haliwezi kukupa kifafa. Lakini kuna magonjwa yanayoweza kutoka kwako kwenda kwake, nayo ndiyo nataka kukueleza.

Huko Uingereza ziko nyumba ambamo watu wenye kifafa kikali hukaa pamoja na kutunzwa usiku na mchana. Moja iko Chalfont St Peter, nayo ilifunguliwa mwaka 1894. Mwaka 2020, homa ya korona ilipoingia katika nchi ile, waganga waliingiwa na hofu. Mtu anayelishwa atakaaje mbali na yule anayemlisha? Anayeogeshwa ataogeshwaje bila kuguswa? Na walinzi wao hutoka nje kila siku, hupanda magari pamoja na watu, hurudi.

Tangu 16 Machi hata 6 Septemba mwaka ule, nyumba nne za namna hii zilitunza hesabu ya mambo yao. Wakaaji wote walikuwa 404, na 118 kati yao walikuwa watoto. Nyumba zote nne zilianza mapema kujikinga na kuwatenga wagonjwa. Lakini Chalfont waliongeza jambo moja: waliwapima wakaaji kila juma, hata wasio na homa, hata wasiokohoa.

Waliona nini? Katika wakaaji 98, watu 10 walikuwa na virusi. Wawili tu ndio walioonyesha dalili, na mmoja wao alikufa. Wale wanane hawakuwa na dalili yo yote.

Tafadhali rudia kusoma hesabu hiyo. Kama waganga wangengoja kikohozi, wangewatambua wawili tu. Wale wanane wangeketi mezani na wenzao, wangecheka nao, na virusi vingetembea pamoja nao. Lakini walitengwa upesi, na katika walinzi 275 walioneka wawili tu wenye virusi, tena mmoja wa hao naye hakuwa na dalili.

Katika nyumba ya pili, St Elizabeth's, wakaaji saba kati ya 146 walikuwa na virusi, na mmoja alikufa. Katika ile ya tatu watu wanane waliugua, lakini hakuna aliyepimwa. Siku zile za kwanza vipimo vilikuwa haba hata Uingereza. Ya nne ilikuwa ya watoto. Wanane walipimwa, na wote hawakuwa na virusi.

Basi waliofariki ni wawili. Kwa mama zao hao si wachache. Hata hivyo waganga walikuwa wameogopa kwamba kifafa chenyewe, au dawa zake, vingemfanya mgonjwa ashindwe upesi, na haikuonekana hivyo.

Wewe huna kipimo cha kila juma. Mimi pia sina. Lakini unaweza kujua kwamba mwenye kuleta ugonjwa mara nyingi ni yule mwenye afya anayetoka sokoni au ibadani. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kumlisha. Ukiwa na mafua, mtu mwingine amlishe. Asipopatikana, funika mdomo na pua yako kwa kitambaa safi.

Mgonjwa akipata homa, alale mahali pake, dirisha likiwa wazi. Lakini usimfungie peke yake! Nimeona watu wakifanya hivyo kwa nia njema. Yule baba wa Injili ya Marko, sura ya 9, alijua vema hatari hiyo: mwanawe alikuwa akianguka motoni na majini. Mtu mmoja awe karibu naye, yule yule kila siku, na moto wa kupikia uwe mbali.

Tena, usiache dawa ya kifafa kwa sababu ya homa. Wengine husema, “Sasa anameza dawa za homa, Gardenal ingoje.” Hapana. Homa peke yake inaweza kuleta kuanguka, na dawa ikikatwa ghafula hatari inazidi sana. Akitapika vidonge, mwulize muganga siku ile ile. Tena apimwe malaria, maana kwetu homa ina njia nyingi.

Akianguka, mlaze kwa ubavu, usitie kijiko mdomoni, na utazame saa. Dakika tano zikipita bila kutulia, mchukueni hospitali, hata kama ni usiku.