Zawadi ya cherehani ilivyomkosesha mama mdogo usingizi

Desemba ni mwezi wa kazi nyingi kwa mafundi cherehani. Shule zinafunguliwa Januari, na kila mzazi anataka sare ya mwanawe iwe tayari mapema. Nyumbani kwa mama mdogo, Sola wilayani Maswa, mkoani Simiyu, vitambaa vyeupe vya mashati na vya bluu vya sketi na kaptula hurundikana mpaka kitandani.

Cherehani yake ya kukanyaga kwa miguu ndiyo iliyonisomesha. Ada, nauli ya kwenda chuo, hata godoro la hosteli, vyote vilitoka hapo. Nilipopata ajira na kuweka akiba kidogo, nilimnunulia cherehani ya kielektroniki jijini Mwanza. Ina vitufe, ina kioo kidogo kinachoonyesha aina ya mshono, na inashona matundu ya vifungo yenyewe. Mama mdogo alipiga vigelegele. Ile ya zamani akamwazima binti wa jirani aliyekuwa akimfundisha ufundi.

Kila nilipopiga simu kuuliza inaendeleaje, jibu lilikuwa lilelile: "Inafanya kazi vizuri, mwanangu. Mungu akubariki."

Desemba iliyopita nilikwenda kumsalimia. Saa saba usiku nikasikia kitu kinalia sebuleni. Nilimkuta ameinama mbele ya cherehani, kioo kimeandika E6, yeye anaizima na kuiwasha tena.

"Mama mdogo, mbona hulali?"

"Mchana umeme unakuwa mdogo, inagoma. Usiku ndipo inakubali kidogo." Kisha akasema taratibu: "Sikutaka ujue. Ungeona nimeidharau zawadi yako."

Alikuwa ameishi hivyo kwa miezi minane. Baadhi ya wateja walishachukua vitambaa vyao na kwenda kwa fundi mwingine. Watoto walinieleza kuwa siku hizi mama anakasirika haraka, hata kwa jambo dogo.

Kesho yake tulikwenda kituo cha afya. Presha yake ilisoma 160 kwa 100. Mtu mzima huhesabiwa kuwa na presha ya juu inapofika 140 kwa 90 au zaidi katika vipimo vya siku tofauti, hivyo aliambiwa arudi kupimwa tena. Sisemi cherehani ndiyo iliyomletea presha, maana ugonjwa huu una sababu nyingi. Lakini kukosa usingizi kwa muda mrefu na msongo wa mawazo ni miongoni mwa mambo yanayochangia kuipandisha.

Kwa nini inagoma

Cherehani ya kukanyaga ni chuma, mkanda na nguvu ya miguu. Ya kielektroniki, aina iliyoingia sokoni mwaka 1975 Singer walipotoa Athena 2000, inaongozwa na bodi ndogo yenye saketi. Umeme wetu ni volti 230. Ukishuka sana, mota inakosa nguvu na mashine inaweza kusimama. Ukirudi kwa kishindo baada ya kukatika, unaweza kuunguza bodi. Vumbi na nyuzi za kitambaa zikijaa chini ya sindano, nazo zinakwamisha mshono.

Fundi wa mtaani anayeirekebisha cherehani ya chuma kwa bisibisi na oili mara nyingi hana kifaa cha kupima bodi. Ndiyo maana ile ya mama mdogo ilifunguliwa mara tatu na kurudi ilivyokuwa.

Kabla hujanunua

Soma maandishi ya volti kwenye mashine. Mitumba ya Japani hutumia volti 100, na ya Marekani 120. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu, itaungua.

Tenga fedha ya stebilaiza katika bajeti yako. Muulize muuzaji nani ataitengeneza, yuko wapi, na kama vipuri vinapatikana. Dai risiti na waranti ya maandishi. Bila hivyo, ni vigumu kumrudia muuzaji au kupeleka malalamiko Tume ya Ushindani.

Na cherehani ya zamani usiiuze.

Kama kuna watoto nyumbani

Umeme ukikatika, chomoa plagi. Mtoto akikanyaga pedali wakati umeme umerudi, sindano inaweza kupita kwenye kidole cha mwenzake. Waya uliochubuka ubadilishwe, usifungwe kwa nailoni.

Mtoto akinaswa na umeme, usimshike. Zima swichi kuu kwanza. Ikishindikana, simama pakavu umsogeze kwa mti mkavu au plastiki. Mpeleke hospitali hata akionekana mzima, kwa sababu umeme unaweza kuvuruga mapigo ya moyo.

Wewe nawe, ukisinzia, acha kushona. Sindano ikikuchoma sana, osha jeraha kwa maji na sabuni, kisha nenda ukaulizie chanjo ya pepopunda. Kipande kikiruka jichoni, usilifikiche wala usijaribu kukitoa. Wahi hospitali.

Tulivyomaliza

Mama mdogo alimwendea yule binti kwa aibu kidogo. Walikubaliana cherehani ya kukanyaga irudi, na binti aje kushonea hapo hapo. Ile ya kielektroniki inatumika kwa matundu ya vifungo tu, siku umeme ukiwa mzuri. Sare zilizobaki zilikamilika siku mbili kabla ya shule kufunguliwa. Vipimo vya baadaye vilithibitisha presha, na sasa anatumia dawa.

Mimi nilichagua zawadi bila kumuuliza mwenye kazi yake, wala kujua umeme wa kwake ukoje. Naye alinyamaza ili asiniumize. Siku hizi nikimpigia simu siulizi cherehani inaendeleaje. Namuuliza jana alilala saa ngapi.