Upimaji wa vijidudu vya udongo

Upimaji wa vijidudu vya udongo ni kazi ya maabara inayokadiria mambo mawili: wingi wa bakteria, kuvu na vijidudu vingine vilivyo hai katika udongo, na kiwango cha shughuli zake. Mambo hayo hayaendi sambamba daima, kwa kuwa udongo mkavu unaweza kuwa na vijidudu vingi ambavyo vimelala.

Tofauti hiyo ni muhimu katika maeneo kama Babati, makao makuu ya mkoa wa Manyara, Tanzania. Huko wakulima wengi huchanganya mahindi na mbaazi, na mashamba hukaa makavu kwa miezi kadhaa kabla ya mvua.

Sampuli

Udongo wa juu huchukuliwa sehemu mbalimbali za shamba, huchanganywa, huchekechwa na kuhifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 4 hivi za Selsiasi. Hauanikwi, kwa sababu kuukausha huua sehemu ya vijidudu.

Kupima wingi

Mwaka 1976 David Jenkinson na David Powlson, wa kituo cha Rothamsted nchini Uingereza, walieleza njia ya kufukiza udongo kwa kloroformu. Katika njia iliyotokana na hiyo, sampuli moja hufukizwa kwa saa 24 ili seli zipasuke, na nyingine huachwa. Zote hutikiswa katika mmumunyo wa salfeti ya potasiamu, kisha kaboni iliyotoka hupimwa. Tofauti hugawanywa kwa 0.45, kwani si kaboni yote ya vijidudu inayotoka. Kwa mfano, tofauti ikiwa miligramu 90 kwa kilo ya udongo, kaboni ya vijidudu ni miligramu 200.

Kupima shughuli

Njia ya kawaida ni kupima upumuaji. Udongo hufungiwa katika chupa pamoja na kikombe cha hidroksidi ya sodiamu, ambayo hunasa dioksidi ya kaboni. Baada ya siku kadhaa, kiasi kilichonaswa hupimwa kwa kutumia asidi.

Athari ya Birch

Mwaka 1958 H. F. Birch, mtafiti aliyefanya kazi Muguga, Kenya, alionyesha kwamba udongo uliokauka ukilowa, upumuaji hupanda ghafla na nitrojeni nyingi hufunguliwa kutoka kwenye mboji. Baada ya siku chache kasi hiyo hushuka.

Kwa hiyo mashamba mawili ya Babati hayalinganishwi kwa haki ikiwa moja limepimwa kabla ya mvua ya kwanza na lingine baada yake. Shamba la pili linaweza kuonekana lenye uhai zaidi kumbe limelowa tu. Sampuli huchukuliwa wakati mmoja na katika unyevu unaofanana, na vipimo hurudiwa katika misimu mbalimbali.

Kwa mkulima, nitrojeni hiyo ya mwanzo wa mvua ni mbolea ya muda mfupi. Ikigeuka nitrati huchukuliwa kwa urahisi na maji, hivyo mahindi yaliyopandwa mapema huwa na nafasi nzuri zaidi ya kuitumia.